Kishikio cha Mkono Wangu

Mama Nakku alipofariki, tangazo la msiba lilitufikia kwenye simu kwa lugha nne, na mimi nililisoma lile la Kiswahili mara tatu kabla sijaamua kama nitakwenda. Si kwamba nilikuwa na neno na marehemu. Alikuwa mama wa Kiganda aliyewalisha wageni wote wa mji wa Märsta, huku kwa Waswidi, enzi zetu, na mtu aliyekula matoke yake bila kualikwa, kama nilivyokula mimi, hana udhuru wa kukosa kumsindikiza. Nilichokiogopa ni jina moja mwishoni, kwenye orodha ya wanawake watakaoshika jiko: Nekesa, atatoka mji wa Örebro. Nilikuwa sijamwona kwa miaka ishirini. Nilimwambia mume wangu kichwa kinaniuma, akanijibu nimeze dawa nivae, treni ni ya saa tano. Yeye hajui habari za Nekesa. Hajui hata kwamba kabla ya kuolewa niliwahi kumiliki bastola.

Ukumbi ulikuwa Märsta, chini ya jengo la makazi, wa kukodi, wenye harufu ya sabuni ya sakafu na makoti yaliyolowa. Wanaume walikuwa wamekaa kwenye viti vya kukunja wakizungumza juu ya zamu za uwanja wa ndege, kama walivyokuwa wakizungumza miaka ile ile, ila sasa wenye zamu ni watoto wao. Jikoni nilimkuta Nekesa mbele ya sufuria ya maziwa, leso kiunoni, mvi zimemuingia juu ya paji la uso. Nilisema, "Shikamoo, dada," kwa sababu ndivyo nilivyomzoea. Yeye ni Mkenya wa Bungoma na zamani alikuwa akinicheka kwa hizo shikamoo zangu za Kitanzania. Safari hii hakucheka. "Marahaba," akasema. "Tausi, umenona. Kuja ukate vitunguu." Nikavua pete, nikachukua kisu, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilishukuru kuwapo kwa vitunguu, maana hakuna anayekuuliza kwa nini unatoa machozi.

Mwaka ule nilipokaa na Nekesa nilikuwa na miaka ishirini na minne, ninajifunza kazi ya maabara katika hospitali kubwa ya Flemingsberg, kusini kabisa mwa jiji, na ninalala Märsta, kaskazini kabisa, kwa sababu huko ndiko nilikopata chumba. Chumba alinipa Nekesa. Alikuwa amenizidi miaka mitano, anasafisha ndege kabla hazijapakia abiria, na nyumba ilikuwa ya kwake: vyumba viwili, jiko ambalo watu wawili hawakuweza kupishana bila kugusana, na dirisha linalotazama maegesho ya magari. Alinikaribisha kwa chai na maharagwe na kwa sharti moja tu, kwamba nisimwite "bi mkubwa." Alikuwa na kawaida ya kuongea na redio ya Kiswidi huku akikanda unga, akiwajibu watangazaji kama wamekaa naye jikoni. "Huyu waziri anadanganya," angesema, "sikia tu vile anameza mate." Kiswidi chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Jumapili tulikuwa tukipika ugali na sukuma, tukila kwenye sufuria ile ile kwa uvivu wa kuosha sahani, na ilikuwa ni katika milo hiyo nilipojifunza kucheka tena, kwa sababu majira ya baridi ya kwanza yalikuwa yameninyamazisha kabisa.

Bastola iliingia maishani mwangu kwa njia ya mwanamke aliyeitwa Gunvor. Alikuwa na umri wa miaka sabini hivi, amestaafu kazi ya kutengeneza meno bandia, na alikuja maabara kila mwezi kutolewa damu. Siku moja alinishika mkono nilioutumia kumchoma sindano, akaugeuza huku na huku, akasema mkono usiotetemeka hivi ni haramu kuuacha bila kazi. Nilidhani anatania. Jumamosi iliyofuata nilikuwa katika klabu yao ya shabaha, mtaa wa Farsta, ghorofa ya chini ya majengo ya makazi, chumba kirefu chenye taa za bluu, njia sita na karatasi za duara nyeusi mita ishirini na tano mbele. Walipiga kwa bastola za risasi ndogo, zile za ishirini na mbili, ambazo mlio wake ukiwa umeziba masikio ni kama mtu anayegonga meza kwa kidole. Wazee watupu, wenye sweta na termosi za kahawa na maandazi ya iliki. Hakuna aliyeniuliza nimetoka wapi. Waliniuliza kama navuta pumzi kwa kifua au kwa tumbo. Sijui namna ya kumweleza mtu ambaye hajawahi kuwa mgeni utamu wa kuulizwa swali kama lile.

Nilihudhuria kila juma kwa zaidi ya miezi sita kama sheria inavyotaka, nikafaulu majaribio, klabu ikaniandikia barua, polisi wakanipa leseni, nami nikanunua bastola yangu mwenyewe, ya mitumba, ya mzee aliyekuwa ameacha kuona vizuri. Hapo ndipo ugonjwa ulipoanza. Wenzangu walinunua viatu na mikoba. Mimi niliipamba bastola kama bibi harusi. Nilinunua kipande cha chuma cha kufunga chini ya mdomo wake usiruke, nikanunua kioo chenye nukta nyekundu cha kulengea siku za mazoezi, nikanunua kibendera cha njano cha kuchomeka kwenye chemba ya risasi kuonyesha kwamba haina risasi, nikanunua sanduku la mbao lenye sponji iliyokatwa kwa umbo lake. Lakini pambo la mapambo yote lilikuwa kishikio. Gunvor alinipa donge la udongo wa kuchukulia umbo la meno nilibane kama ninavyoshika bastola, akaliacha ligande, kisha kwa majuma matatu akachonga mti wa jozi kwa patasi zake ndogo za kazini, akinijaribisha, akipunguza, akinijaribisha tena. Kilipokwisha kilikuwa na kijibonde cha kila kidole changu na kirafu cha kuegemeza ubavu wa kiganja. Nekesa alipokishika mkono wake haukuingia. "Hii ni kiatu ya mkono," akasema. "Nyinyi Wabongo hamwezi kuua panya, mnapiga kelele mnapanda kwa kiti, sasa unataka bastola ya nini?" Nikamwambia ni ya kutoboa karatasi. Alicheka hadi akakaa chini.

Nchi ile haina mzaha na silaha. Bastola inakaa katika kabati la chuma lililofungwa ukutani, na ufunguo hatakiwi kuujua mtu mwingine yeyote, hata mume, hata mtu mnayelala chumba kimoja. Nilisaini karatasi inayosema hivyo. Kwa hiyo nilitafuta pa kuuficha ufunguo, nikauchagua mfuko wa dagaa wa Kigoma, kwa kuwa Nekesa alikuwa hawapendi na alikuwa ameniapia kwamba hatawagusa. Haukupita mwezi. Siku moja nilirudi kutoka kazini nikakuta mboga imemwishia, ameamua kuwajaribu dagaa, na ufunguo umelala peke yake katikati ya sahani nyeupe mezani. Akaniuliza, "Hii ni ya ile kabati?" Nikasema ndiyo. "Kwa nini iko kwa dagaa?" Nikaanza kuvua koti. "Ulikuwa unanificha mimi?" Nikamwambia, "Ni sheria, dada." Hakupandisha sauti, na ndiyo maana maneno yake yaliniingia. "Sheria ya nani? Tunakula sufuria moja. Mimi nikikosa kuamka kesho, ni hiyo sheria itapigia mama yangu simu, ama ni wewe? Na unanificha kama mwizi." Mtu aliyezaliwa kwingine pengine angelijibu vizuri, angesema si wewe, ni karatasi tu niliyosaini. Mimi nililelewa kwamba kumfungia kitu mtu mnayekula naye ni kumtukana, na aibu niliyoipata jikoni pale ilinizidi nguvu. Niliuosha ufunguo, nikautundika kwenye msumari wa makoti karibu na mlango. "Sasa," akasema Nekesa, "kaa ukule." Dagaa walikuwa wameungua kidogo na tuliwamaliza wote.

Lazima niseme pia alichokuwa akikitarajia yeye mwaka ule, kwa sababu bila hicho hatia yangu ingekuwa ya kawaida. Nekesa alikuwa amechoka kusafisha vyoo vya ndege. Alikuwa amesoma mafunzo ya ukaguzi wa abiria na mizigo, amefaulu mitihani yote kwa Kiswidi, na kampuni iliyomtaka ilikuwa ikingoja tu polisi wapekue jina lake ili apewe kadi. Sare ilikuwa imeshakatwa kipimo chake. Niliwahi kumsikia akiongea na mama yake kwenye simu, mlango wa chumba ukiwa wazi, akimweleza kwa Kibukusu kilichochanganyika na Kiswahili: "Hapana, mama, si kufagia. Nitakuwa nimesimama. Wao ndio watavua viatu mbele yangu." Alilirudia hilo mara mbili, na kwa jinsi alivyolirudia nilielewa kwamba mama hakuamini.

Jumamosi yenyewe ilikuwa ya Novemba. Klabu ilikuwa ikichagua timu ya mashindano ya majira ya baridi, saa tisa alasiri, na mimi nilikuwa na zamu ya asubuhi Flemingsberg. Bastola huwezi kwenda nayo hospitali, kwa hiyo tulikubaliana na Gunvor kwamba nitapiga kwa yake, aina moja na yangu. Nilifika, nikaishika, nikapiga tano za kujaribu, zikatawanyika ovyo. Kishikio chake kilikuwa kimechongwa kwa kipimo cha mkono wake, mrefu, wenye mifupa. Mkono wangu ulielea ndani yake. Nilitoka nikaenda chumba cha kahawa nikampigia Nekesa, ambaye siku hiyo alikuwa nyumbani. Nikamwomba afungue kabati, afungue skrubu moja tu chini ya kishikio, aniletee kile kipande cha mbao. Kipande cha mbao hakihitaji leseni. Kingekuwa kama kuniletea mwiko. Baada ya dakika kumi akapiga. "Hii skrubu haikubali kisu, haikubali mkasi. Iko na shimo ya pembe sita." Nikaingiza mkono mfukoni mwa koti, na kibisibisi cha pembe sita kilikuwa pale, pamoja na tiketi ya treni. Nilitazama saa ya ukutani. Nilijua kabisa ninachotaka kusema na nilijua kwamba ni kosa, kwa hiyo sikukisema kwa mdomo. Nilikata simu nikaandika ujumbe: Basi lete yote, ndani ya sanduku lake. Usimwambie mtu.

Alisafiri nayo zaidi ya saa nzima, kwa treni hadi mjini, kisha kwa ile ya chini ya ardhi, sanduku likiwa ndani ya mfuko wa vitenge. Saa nane na nusu aliniandikia: Nimefika Farsta. Nimekaa kwa benchi hapa ndani ya maduka. Nami nikamjibu, na maneno haya nimeyabeba miaka ishirini bila kusahau hata moja: Nakuja. Hebu angalia kama kishikio hakijakwaruzika. Hivyo ndivyo alivyofungua sanduku, mbele ya duka la mikate, siku ya Jumamosi, kwa sababu nilikuwa nawaza mikwaruzo. Mzee mmoja kwenye benchi la pili aliiona bastola akaenda kumwita mlinzi. Nilipowasili baada ya dakika kumi na tano, maana nilikuwa nimemalizia kahawa yangu kwanza, nilikuta polisi wawili, mwanamke na mwanamume, na Nekesa amesimama mikono ikiwa mbele, simu kwenye mkono mmoja. Watu walikuwa wamesimama mbali kidogo na mifuko yao. Yule polisi mwanamke aliniuliza bastola ni ya nani, nikasema ni yangu, nikatoa leseni. Akaniuliza kama mimi ndiye niliyempa ufunguo, na kama mimi ndiye niliyemtuma. Nilisema hapana. Nilisema sikujua kwamba anajua ufunguo unapokaa. Kiswidi changu kilitoka safi siku hiyo kuliko siku nyingine yoyote.

Nekesa alisikia kila neno. Alinitazama kama mtu mzima anavyomtazama mtoto aliyevunja sahani mbele ya wageni. Ujumbe wangu wote ulikuwa kwenye simu aliyoishika. Angewaonyesha, wangetafuta mtu wa kuwatafsiria, na mambo yangekwisha palepale upande wake na kuanza upande wangu. Badala yake aliitia simu mfukoni akasema, "Nilichukua mwenyewe. Nilitaka kumwonyesha rafiki." Nimejiuliza mara nyingi kwa nini, na jibu si la ajabu. Kwetu mtu hamkani ndugu yake mbele ya watu baki. Unameza, unarudi naye nyumbani, na nyumbani unampa yake. Alidhani mimi pia nalijua hilo, na kwamba nikishapata pumzi nitakwenda mwenyewe kurekebisha. Walimchukua, na sanduku wakalichukua. Mimi nilirudi klabu, nikasema bastola yangu ina matatizo ya karatasi, nikaingia njia namba nne nikapiga raundi yangu kwa bastola ya Gunvor, kwa kishikio kile kile kisichonienea. Nilifuzu. Niliingia timu. Hiyo ndiyo sehemu ambayo sijawahi kumwambia mtu.

Alirudi jioni nikiwa nimepika wali na maharagwe ya nazi, chakula alichokipenda. Alinawa, akakaa, akala. Hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Jumatatu utaenda uwaambie?" Nikasema nitaenda, dada, nisamehe, nilishikwa na woga. Akasema, "Woga ni kitu ya kawaida." Jumatatu nilikwenda kweli. Nilichukua namba kwenye mashine ya foleni, nikakaa, nikasikia namba yangu ikitajwa, nikaikunja ile karatasi mara nne nikatoka nje nikapanda treni. Nilijiambia kwamba wataninyang'anya leseni, wataiandikia hospitali, sitamaliza mafunzo. Yote yalikuwa kweli na hayakuwa sababu. Jumanne nikasema kesho. Jumatano nikasema nina zamu. Kuanzia Alhamisi hakuniuliza tena, na tulianza kutumia sahani mbili. Kesi yake iliisha kwa adhabu ndogo, faini ambayo hakukubali nimsaidie, lakini jina likabaki katika kumbukumbu za polisi, na barua ya kampuni ikaja na sentensi mbili. Hata kadi ya kusafisha ndege waliichukua. Nilimsikia akiongea na mama yake. Alisema kazi ya kusimama ilikuwa inachosha miguu, ameikataa. Januari alipata kazi ya kutunza wazee Örebro. Aliniachia nyumba na mkataba wake, akafagia chumba chake, akasema, "Basi, Tausi," akabeba mizigo yake miwili hadi stesheni, nami nilimtazama kwa dirisha akikatiza maegesho bila kushuka kumsaidia.

Bastola nilirudishiwa kabla ya Krismasi, kwa onyo. Ningekuwa mtu wa maana ningeiuza siku ile ile. Nilichofanya ni kuizidishia mapambo. Nilinunua kioo kingine kilicho bora, nikabadilisha kile chuma cha mdomoni, nikaagiza mkoba wa ngozi, nikawa natumia jioni nzima kukipaka kishikio mafuta kwenye jiko ambalo sasa lilikuwa na nafasi ya kutosha. Gunvor alinishtukia. Tulikuwa tumekaa chumba cha kahawa, yeye ananikatia kipande cha ile rafu ya kiganja kwa kuwa nilidai inanibana, akaniuliza bila kuinua macho, "Jumamosi ile ya uteuzi ulikuwa unamngoja nani?" Nikasema sikuwa namngoja mtu. "Ulitazama mlango kila dakika," akasema. "Ulitoka na koti, ukarudi bila kitu." Nikasema nilikwenda kununua sigara. Sivuti sigara, na Gunvor aliyenikagua mkono kama meno ya mteja alilijua hilo. Alikusanya patasi zake akazifunga katika kitambaa chao, akaniambia kishikio hakina ubaya wowote. Baada ya hapo alinisalimu vizuri kila Jumamosi hadi nilipoacha klabu, lakini hakunishika mkono tena. Miaka mitatu baadaye nilimpelekea muuza silaha kila kitu, akakipima kishikio kwenye kiganja chake, akasema hiki hakitamfaa mtu.

Mambo haya yote nilikuwa nayapanga kichwani juu ya ubao wa vitunguu pale Märsta, nikitafuta namna ya kuanza, ndipo akaingia binti wa miaka kumi na saba au kumi na minane, mrefu, mwenye macho ya Nekesa. Aliitwa Nafula. Alimwuliza mama yake kwa Kiswidi mimi ni nani, na Nekesa akamjibu kwa Kiswahili, "Huyu ni anti Tausi, nilikaa naye hapa Märsta." Uso wa binti ukafunguka. "Mwenye bastola?" akauliza. Wanawake wengine jikoni wakageuka, na Nafula, nusu Kiswidi nusu Kiswahili cha kutafuta maneno, akawasimulia hadithi ambayo ni dhahiri aliipenda tangu utotoni: jinsi mama yake alivyoiba bastola ya mwenzake, akaifunga kwenye kitenge, akapanda nayo treni hadi Farsta kwenda kumtisha mwanamume aliyekuwa amemdanganya, na jinsi polisi walivyokuja na yeye akawaambia alikuwa anatafuta mikate. Wanawake walicheka, mmoja akapiga makofi. Nekesa alikuwa akikoroga chai na kutabasamu. Niliona kwamba hakuwa amenitaja vibaya hata kidogo. Katika hadithi ile mimi sikuwapo kabisa, nilikuwa mwenye mali tu.

Ningeweza kucheka nao. Badala yake nikasema, "Si hivyo, mwanangu. Ufunguo nilimwachia mimi. Kuleta nilimwambia mimi. Polisi waliponiuliza nikasema sikumtuma, na mama yako akanyamaza kwa ajili yangu, na kwa sababu hiyo alikosa kazi." Niliyasema yote kwa mkupuo, kwa Kiswahili, kisha nikayarudia kwa Kiswidi ili binti asipoteze neno. Nilijisikia mwepesi. Nakiri hilo, kwa sababu ndilo linalonisumbua zaidi sasa: kwa muda wa pumzi mbili tatu nilijisikia vizuri sana. Nafula alimtazama mama yake, akamwuliza kwa Kiswidi, polepole, kama ni kweli.

"Peleka vikombe," Nekesa akamwambia. Binti akachukua sinia akatoka, na wale wanawake wengine wakakumbuka kwamba wana kazi ukumbini. Tukabaki wawili. Alizima moto chini ya sufuria, akafuta mikono kwa ile leso, akasema kwa sauti ya chini, "Nani amekuuliza?" Nikasema nilidhani dada anastahili ukweli wangu. "Wewe ndio ulikuwa unauhitaji," akasema. "Ungenipa miaka ishirini iliyopita, siku ya Jumatatu, ungenifaa. Mimi nilikaa nikatafuta hadithi ya kumpa mtoto. Alikuwa anajua mamake alikuwa mtundu, mtu wa kuibia watu bastola. Alikuwa anaipenda hiyo. Saa hii umemwambia mamake alikuwa mjinga, alibebeshwa mzigo ya mtu akaachwa nayo kwa benchi." Macho yake yalikuwa makavu. Yangu yalikuwa yanatiririka na vitunguu havikuwa na kosa. Nilitaka kupiga magoti, nilitaka kusema nisamehe, dada, na neno lilifika mdomoni. Nikaona kwamba hata huo msamaha ni kitu kingine ninachotaka anitolee kwenye kabati aniletee nilipo. Nikalimeza. Alinipa birika kubwa bila kunitazama, akasema wafiwa hawajapata chai, nami nikalishika kwa mikono miwili nikaenda kuwamiminia.